Chini ya Rangi: Kazi ya Kurudisha Mwili wa Motokari ya Zamani, na Sehemu ya Maniema Ndani Yake

Neno la mwanzo

Watu wakisikia neno mila, wanafikiri mara moja ngoma, mahari, vinyago vya Bwami ao hadithi za wazee. Hatukatai. Lakini mila ni vilevile kazi ya mikono ambayo mtu ameipokea kwa mwenye kumtangulia, si katika kitabu, bali kwa kumwangalia, kumshikia chuma na kukosolewa. Kwa upande huo, kazi ya tolye, yule fundi anayenyoosha, kukata na kuunga bati ya motokari, ni mila kamili. Kazi ya mwenzake anayeshona viti na kufunika ndani ni mila pia. Hatuoni juu ya nini tungeiacha nje ya kurasa hizi.

Tutaisema kupitia motokari za aina moja: zile za Marekani za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, zenye moteri kubwa, ambazo Wamarekani wenyewe wanaziita motokari za misuli. Tumezichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi ya kurudisha kitu cha zamani katika hali yake imechunguzwa sana juu ya hizo kuliko juu ya motokari zingine nyingi. Ya pili, chini ya rangi ya motokari hizo kuna madini ambayo mtu wa Maniema anayajua vizuri. Tutafika pale. Lakini tuanze hapa kwetu.

I. Mji wa chuma na maji

Kabla ya treni, nchi yetu ilikuwa tayari na wahunzi. Majembe, visu na mikuki vilitoka katika moto wa kijijini, na mhunzi hakuwa mtu wa kuchezewa: alijua dawa ya kazi yake na miiko yake. Wakati wa biashara ya Nyangwe na Kasongo, katika karne ya 19, bunduki zilifika kwa wingi, na bunduki iliyovunjika mbali na pwani haikurudishwa pwani. Ilitafutiwa mtu wa kuitengeneza hapahapa.

Kisha ikaja kampani ya CFL, iliyoundwa mwaka wa 1902 na watu wa baron Empain, ambaye jina lake lilibandikwa kwa mji wetu: Kindu-Port-Empain. Mwaka wa 1906 treni ikaanza kutembea toka Stanleyville mpaka Ponthierville, kilometa 125, ili kupita maporomoko. Toka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, mashua ilipanda Lualaba mpaka Kindu. Mwaka wa 1911 reli ya Kindu mpaka Kongolo ikawa tayari, kilometa 355. Hivi Kindu ikawa mahali pa kushusha na kupandisha: mali inatoka mashuani, inaingia katika behewa. Palipo na behewa na mashua, lazima kuwe na watu wa kukata bati, kupiga ribiti na kulehemu. Wahenga walisema: vyaelea vimeundwa.

Motokari nazo zilifuata njia hiyohiyo ya maji na reli. Kampani za madini zilipoanza kufungua msitu, zaidi Symetain iliyoundwa mwaka wa 1932 na kukaa Kalima, kamyo na motokari ndogo ziliongezeka. Wazee wetu walijifunza kazi katika garaji za kampani na za wachuuzi. Walianza kama waboi wa kuosha vipande na petroli, wakapanda kuwa wasaidizi, mwisho wakawa mafundi. Mtoto wa mhunzi hakukuta ugeni mkubwa: moto ni ule ule, nyundo ni ile ile, paka umbo la kitu njo limebadilika.

II. Motokari za misuli zilikuwa nini?

Mwaka wa 1964 ni mwaka ambao Maniema haiusahau. Katika mwezi wa saba Wasimba waliingia Kindu, na tarehe 5 Novemba jeshi la serikali pamoja na mamluki likaurudisha mji. Wakati watu wetu wanakimbilia msituni, upande mwingine wa dunia viwanda vilikuwa katika furaha nyingine kabisa.

Kampani ya Pontiac, iliyo chini ya General Motors, ilikuwa na sheria ya nyumbani iliyokataza kuweka moteri kubwa sana katika motokari ya kadiri. Wakubwa wa Pontiac wakapita pembeni: wakauza moteri ya V8 ya karibu lita 6.4 kama kitu cha kuongeza kwa hiari ya mnunuzi, wakaiita GTO. Mwaka ule wa kwanza wakauza zaidi ya 32,000. Tarehe 17 Aprili 1964 Ford nayo ikaonyesha Mustang mjini New York, na kabla ya miaka miwili kuisha ilikuwa imetengeneza milioni moja. Chevrolet, Dodge na Plymouth wakafuata.

Akili yake ilikuwa nyepesi: mwili wa motokari ya kawaida, bei ambayo kijana mfanyakazi anaweza kufikiria, na moteri yenye nguvu kupita kipimo. Mambo matatu yakaimaliza: bima iliyopanda bei, sheria za moshi, na mafuta kupanda toka Oktoba 1973. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, huku kwetu ikatangazwa zairianizasyo, na maduka mengi na garaji za wageni zikabadilisha wenyewe. Hakuna uzi unaofunga mambo hayo mawili. Tunayaweka pamoja ili msomaji apate kipimo cha wakati tu.

Motokari hizo zilikuwa za kuuza haraka na kutupwa haraka. Bati nyingi hazikukingwa vizuri na kutu kwa ndani. Kwa Mustang, maji ya mvua yanayoingia katika matundu ya hewa mbele ya parabrizi yalijulikana kwa kutoboa bati pale chini na kuanguka juu ya miguu ya dereva. Zile zilizofunikwa paa kwa vinili, mapambo yaliyopendwa sana wakati ule, zilishika unyevu chini ya vinili na kuoza bila kuonekana. Njo maana, miaka kumi tu baadaye, nyingi zilikuwa vyuma vya kutupa. Zilipoanza kuwa chache, watu wakaanza kuzitafuta, na kazi ya kuzirudisha ikazaliwa.

III. Etani chini ya rangi

Hapa Maniema inaingia.

Ukiangalia motokari ya miaka ile, paa na ubavu wa nyuma vinaonekana kama kipande kimoja. Sivyo. Ni bati mbili zilizolehemiwa, na kiungo chake kimefichwa. Kiwandani walikijaza kwa mchanganyiko wa risasi na etani, mara nyingi sehemu 70 za risasi kwa 30 za etani. Mchanganyiko huo una tabia ya ajabu: toka nyuzi 183 unaanza kulainika, lakini hauwi maji mara moja. Unabaki kama ugali laini kwa muda, na fundi anausukuma kwa kipande cha mti mgumu kilichopakwa nta, mpaka unakaa sawa na bati. Ukipoa, unakatwa kwa tupa. Hautatoki, haunywi maji, unashika rangi.

Bila etani, risasi haishiki chuma. Inateleza tu. Etani njo inayofunga. Na etani inatoka katika kasiterite, ule mchanga mweusi mzito ambao baba zetu waliuosha Kalima, Pangi na Punia. Japani ilipoteka Malaya mwaka wa 1942, upande wa Washirika ulipoteza migodi mikubwa ya etani ya Asia, na etani ya Kongo ikawa ya lazima kwao. Watu wetu walitumikishwa kwa nguvu katika kile kilichoitwa bidii ya vita. Baada ya vita migodi iliendelea, na mwaka wa 1976 Symetain na kampani zingine zikaungana kuwa Sominki. Kisha, Oktoba 1985, bei ya etani ikaanguka London, na Sominki haikusimama tena sawa kama mbele.

Tunasema hayo si kwa kujisifu. Tunasema juu mtu wa Maniema amezoea kuona motokari kama kitu kilichotengenezwa na wengine, chenye kumfikia kikiwa tayari. Lakini madini ya nchi hii yalikuwa katika kapu moja na yale yaliyofunga viungo vya motokari za dunia nzima. Tuliyatoa kama mchanga, yakaturudia kama kitu tusichokijua.

IV. Kazi ya mwili

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi wanadhani ni kupaka rangi. Rangi ni ya mwisho.

Ya kwanza ni kuandika. Kabla ya kufungua burugu moja, fundi mwenye akili anapiga picha, anaandika kila kipande kinatoka wapi, anatia burugu katika mifuko yenye alama. Vilevile anatafuta kibati cha kiwanda. Kwa Mustang kilifungwa katika mlango wa dereva, na namba zake zinasema umbo, rangi ya kwanza na aina ya viti. Kibati kile ni cheti cha kuzaliwa. Anayekitupa ameua nusu ya historia.

Ya pili ni kufika kwenye ukweli. Rangi yote inatolewa, na hapo njo aibu zinaonekana: matundu yaliyozibwa kwa karatasi na mastike, bati juu ya bati, dalili za ajali ambayo hakuna aliyeitaja. Mastike ile ya poliesta ilienea toka miaka ya 1950. Si kitu kibaya ikipakwa nyembamba juu ya bati iliyonyooshwa. Ubaya wake ni kwamba inamruhusu fundi mvivu kujaza shimo bila kulinyoosha, na kutu inaendelea kula chini yake kimya-kimya.

Ya tatu ni kushikilia umbo. Motokari kama Mustang haina shasi iliyo mbali na mwili. Sakafu na kuta zake njo zinaibeba. Ukikata sakafu iliyooza bila kufunga vyuma vya kushikilia kutoka mlango mpaka mlango, mwili unajikunja, na milango haitafunga tena hata ukilia. Basi unapima, unafunga, kisha unakata, na unakata mpaka ufike kwenye bati nzima yenye sauti ya wazi. Bati iliyooza ina sauti iliyokufa, na sikio la fundi linaijua.

Ya nne ni kuunga. Hapa moto ni adui na rafiki. Ukilehemu mstari mrefu kwa mara moja, bati inavimba na kupinda. Unapiga nukta moja hapa, nukta nyingine mbali, unasubiri ipoe, unarudi. Palipovimba panapashwa moto mahali padogo, panapigwa kwa upole juu ya tasi, kile chuma kinachoshikwa upande wa nyuma, kisha panapozwa kwa kitambaa chenye maji, na bati inajirudisha. Kazi hiyo haifundishwi kwa mdomo. Mkono unapita juu ya bati macho yakiwa yamefungwa, na vidole vinaona kile ambacho jicho limekosa.

Neno moja kwa vijana: risasi ni sumu. Haisuguliwi kavu mpaka iwe vumbi, na moshi wake hauvutwi. Ikatwe kwa tupa, nje, na mikono ioshwe mbele ya chakula. Rangi za siku hizi za kuchanganya na dawa ya kukausha nazo zinaharibu mapafu. Kufunga kitambaa puani hakutoshi.

Baada ya yote hayo njo rangi. General Motors ilitumia laka ya akriliki iliyosuguliwa mpaka ing'ae. Ford ilitumia enameli iliyochomwa katika tanuru. Mwenye kurudisha motokari anajiuliza: nipake kama ilivyokuwa, hata kama kiwanda kiliacha mawimbi na viungo visivyo sawa, ao nipake vizuri kupita kiwanda? Mabishano hayo hayajaisha. Sisi tuko upande wa kwanza. Motokari iliyo nzuri kuliko siku ilipozaliwa inapendeza macho, lakini inasema uongo juu ya watu walioitengeneza.

V. Ndani ya nyumba

Mwili ni nyumba, na ndani njo mahali watu walikaa. Hapa unyevu na panya wamefanya kazi yao. Viti vya miaka ile vilikuwa na springi za chuma, juu yake gunia, juu ya gunia pamba ao sponji, kisha vinili. Pamba inavuta maji na kuoza. Springi zinashika kutu na kukata gunia.

Fundi wa viti naye hapasui. Anafungua mshono kwa mshono, juu kile kifuniko kilichochakaa ni kipimo chake: anakilaza juu ya vinili mpya, anachora, anakata. Ukikitupa mbele ya kupima, umebaki kukisia. Kisha anashona, anaanza kuvuta toka katikati kwenda pembeni, anafunga kwa pete ndogo za waya. Vinili inalazwa kwanza juani ili ilainike. Ile ya paa inaninginizwa juu ya fimbo za chuma zilizopindwa kama upinde. Kila fimbo ina mahali pake, na ukizichanganya paa linashuka kama tumbo. Tulisema fundi anaandika kila kitu: sasa umeona sababu.

Wenye kusuka viti vya kekele katika Maniema wanaijua kazi hii bila kuambiwa. Kuvuta sawa pande zote, kutokata mbele ya kupima, kuficha fundo upande usioonekana: ni elimu moja, vitu njo viwili.

VI. Fundi bila vipande

Marekani leo, mwenye Mustang ya 1967 anaweza kuagiza sakafu mpya, mabawa mapya, hata mwili mzima mpya uliotengenezwa kwa ruhusa ya Ford. Watu wengine wanauliza: ukibadilisha yote, bado ni motokari ileile? Ni swali la watu wenye vipande vingi.

Kindu swali ni lingine. Oktoba 1998 mji ulipochukuliwa na RCD, mali iliingia zaidi kwa ndege, ao kwa kinga zilizosukumwa na vijana mamia ya kilometa katika matope. Treni ilifika tena mwaka wa 2004. Katika hali ile hakuna aliyeagiza bawa la motokari. Tolye alipasua pipa la mafuta la lita 200, akalilaza, akalipiga juu ya mti uliochongwa, mpaka likawa bawa. Kinga nazo zilifungwa vyuma vya kuongeza ili zibebe mizigo ya kamyo. Kipande hakikufanana kabisa na cha kiwanda, lakini kilikuwa cha mkono wa mtu, na motokari ilitembea.

Kwetu, basi, mwili wa motokari ya zamani una maandishi mawili. La kwanza ni la kiwanda: Detroit, Coventry, Sochaux, Wolfsburg. La pili ni la mafundi wa hapa: lehemu ya mwaka fulani, bati ya pipa yenye maandishi ya mafuta kwa ndani, kiti kilichoshonwa upya kwa kitambaa kilichopatikana. Anayerudisha Land Rover ao Peugeot ya Maniema kwa kufuata kitabu cha kiwanda peke yake atafuta andiko la pili. Na hilo njo letu.

Neno la mwisho

Vinyago vya Walega viko katika jumba la Tervuren, na watu wetu wanalalamika, na wana haki. Lakini kuna vitu ambavyo hakuna mgeni aliyevichukua, na sisi wenyewe tunavipoteza. Gamba la motokari nyuma ya paseli linakatwa kwa shoka, linauzwa kwa kilo. Aluminyo ya moteri inayeyushwa, inakuwa sufuria. Sufuria ni kitu cha lazima, na mwenye njaa hahubiriwi juu ya historia. Lakini magamba yale yakiisha, kitakachoisha si chuma. Ni mahali pekee ambapo kijana angejifunza kazi yenyewe, kwa kuwa motokari za siku hizi, zenye plastiki mbele na nyuma, zinabadilishwa kipande, hazinyooshwi. Na pikipiki, ambayo leo inabeba watu wengi wa mji, haina bati ya kutosha kumfundisha mtu nyundo.

Hatuombi jumba. Tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, kila chuo cha ufundi kitunze gamba moja tu, lisikatwe, wanafunzi walifungue na kulifunga kila mwaka. Pili, mafundi wazee waandikwe wakiwa hai: majina ya vyombo vyao, mpango wa kazi, nani alimfundisha nani. Tatu, anayetengeneza motokari ya zamani aache mahali pamoja bila rangi, chini ya kiti ao ndani ya mlango, ili lehemu ya waliomtangulia ionekane.

Hayo hayaombi pesa nyingi. Yanaomba mtu kukubali kwamba kilicho chini ya rangi kina maana kuliko rangi. Tolye mzuri amelijua hilo tangu zamani. Sasa ni zamu yetu sisi wenye kuandika.